Ua la Kiwanja cha Kumi na Tisa

Asar 4

Binti yangu Menuka amenipa daftari hili. Amesema, "Mama, kila siku niandikie mvua. Imenyesha au haikunyesha, asubuhi au jioni. Mimi nitakuwa msituni, nitasahau. Mvua zikiisha nitalichukua nilisome."

Basi naandika. Leo ni siku ya nne ya Asar, mwezi ambao mvua zinaanza. Mvua imenyesha tangu alfajiri hadi ng'ombe walipokamuliwa. Mimi nimefika darasa la tano, na mwalimu aliwahi kuusifu mwandiko wangu mbele ya wavulana wote, kwa hiyo mtu asishangae kuona mistari imenyooka.

Asar 5

Mvua, mchana.

Asar 9

Mvua, jioni, ya radi.

Kuandika mvua peke yake ni kama kupika dengu bila chumvi, kwa hiyo nitaongeza mengine. Mwanangu amesoma chuo kikuu Kathmandu, mimea, na amerudi kwa msimu huu mzima kuuhesabu msitu wetu. Kapiga vigingi na kuzungusha uzi mwekundu mahali thelathini mlimani, kila mahali pana upana wa hatua kumi. Anaviita viwanja, na kila kimoja kina namba. Kila nusu mwezi anavizunguka vyote, anapiga magoti kwenye ruba na matope, anaandika kila jani lililomo. Mimea mingine anakuja nayo nyumbani anaibana kati ya magazeti ikauke, na juu yake mimi naweka jiwe langu la kusagia viungo. Chini ya kila mmea anabandika karatasi: jina la mmea, mahali, siku, na jina la aliyeuchuma.

Nikamwambia, "Na jina langu uandike. Jiwe ni la nani?"

Akacheka. "Mama, anaandikwa aliyeuchuma, siyo aliyeukalia."

"Siku moja utaniandika," nikasema. "Dhanakumari Khatiwada. Usikosee herufi."

Asar 15

Mvua kutwa, neema. Leo ndiyo siku ya kula mtindi na mchele bapa na kuingia shambani kupandikiza mpunga. Nisijisifu, ila kila mtu kijijini anajua: mkono wangu haujawahi kuua mche. Ninaouchomeka mimi unasimama siku hiyohiyo.

Hira alikuwa mstari wa pembeni yangu. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ukuta wa mawe tu, na kwa kuwa amenizidi umri namwita dada. Ana nyati wawili wa maziwa, na ulimi wa kutosha kijiji kizima. Akanipigia kelele mbele ya wanawake wote: "Mama Menuka! Miaka kumi na saba mtoto anasoma, halafu anarudi kuhesabu majani? Nyati wangu anayahesabu kila siku na hajaomba hata daftari!"

Nikamjibu, "Nyati wako anayahesabu kwa tumbo, dada. Wangu anayahesabu kwa kichwa."

Walicheka mpaka wakakaa majini. Nililala na furaha.

Asar 16

Mvua. Mgongo.

Asar 28

Mvua, asubuhi tu. Menuka kanionyesha daftari lake. Kuna safu mbili, wenyeji na wageni. Wenyeji ni mimea iliyozaliwa mlimani hapa kabla ya mtu kuweka mguu. Wageni ni walioletwa na watu, au waliokuja wenyewe kwenye manyoya ya mbuzi na kwenye mchanga wa malori. Mgeni mbaya kuliko wote ni banmara, muuaji wa msitu, yule mwenye maua meupe aliyetufukuza hata kwenye njia ya kisimani. Kwenye viwanja thelathini, ishirini na saba vina banmara.

Nikauliza, "Na viazi?"

"Mgeni, Mama."

"Mahindi?"

"Mgeni."

"Pilipili! Usiniambie pilipili."

"Wageni wote hao, Mama. Wametoka ng'ambo ya bahari."

Nikauliza tena, "Na sayapatri?" Hayo ni yale maua ya rangi ya chungwa tunayotungia mashada kumvisha Mungu sikukuu ya Tihar.

Akaniangalia kwa huruma kabisa. "Na hayo, Mama."

Basi miaka yote tumemvisha Mungu maua ya wageni, na hakulalamika.

Saun 3

Mvua.

Saun 4

Mvua. Ruba kwenye kope ya Menuka. Kamtoa kwa chumvi, akaendelea kula.

Saun 20

Mvua mchana na jioni. Leo nimeelewa mwanangu anatafuta nini hasa. Kwenye simu ana picha ya mmea mkavu uliochumwa mlimani kwetu hapa, zamani sana, kabla babu yake hajaoa. Ni okidi ya ardhini, ua jeupe. Tangu wakati huo hakuna aliyeliona mlimani hapa. Kwenye picha ni kitu cha kahawia kilichobanwa kama jani la chai chini ya kikombe, sikuambulia sura.

"Nikilipata, Mama," akasema, "nitathibitisha kwamba msitu bado una pumzi. Nisipolipata, Profesa wangu wa chuo ataniambia niandike neno moja tu: limetoweka."

Nikaenda bombani asubuhi nikawaambia wanawake kwamba mwanangu atalipata, na redio itakuja. Hakuniambia habari ya redio. Niliiongeza mwenyewe.

Saun 21

Mvua.

Bhadau 12

Mvua ya kuchosha. Menuka kazunguka viwanja vyote mara ya tano. Hakuna. Amekaa ukumbini na buti za matope, hakuvua, na machozi yanadondoka kwenye bakuli la chai. Mtoto huyu hakulia hata alipovunjika mkono. Amempigia baba yake, aliyeko kazini Malaysia, akamwambia yuko mzima.

Bombani Hira akaniuliza, "Redio wamekuja saa ngapi, mdogo wangu? Nilikuwa nafua, sikuwasikia."

Nikajaza ndoo nusu, nikaondoka.

Bhadau 19

Sikuona mvua, niko safarini. Nimekuja kwetu bondeni kwa sikukuu ya Teej. Mwanamke hata akizeeka, Teej ni kwa kaka yake. Kaka yangu Loknath kanipokea kwa sari nyekundu. Barabara mpya imepita chini ya nyumba, malori ya mchanga kutwa. Kando ya barabara pote kumejaa gugu karoti, lile la majani kama ya karoti linalowasha ngozi na kuharibu maziwa. Kwetu mlimani bado halijafika, kwa rehema.

Bhadau 21

Teej. Nimefunga tangu jana usiku bila tone la maji, nimecheza hata hivyo.

Bhadau 23

Andiko hili nitalichana kabla Menuka hajalichukua daftari.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, nilipanda kwenye ukingo nyuma ya nyumba ya kaka, juu tu ya barabara, kukata majani, yaani kujifanya nina kazi. Na pale nikaliona. Mmea mmoja, miwili, mitatu. Vitumba vyeupe, kimoja kimefunguka, kina pindo la nyuzinyuzi kama ukingo wa shali ya harusi. Nikapiga magoti. Nilikuwa nalichomeka nywelani nikiwa msichana! Tuliliita shali ya bibi arusi. Ni lile la kwenye simu, lakini hai.

Mtu mwenye akili angempigia mwanawe simu palepale. Mimi nikawaza: nikimwambia liko kwetu bondeni, atasema siyo mlima wetu, Mama. Nikawaza uso wake juu ya bakuli la chai. Na niandike ukweli, nikawaza na uso wa Hira bombani.

Nikachimba yote matatu, yasije yakaona upweke. Nikayachukua na donge kubwa la udongo kila moja, kama mpandikizaji anayejua kazi. Nikafunga kwenye kitambaa kilicholowa na kuyapakata kwenye basi saa nne nzima kama mtoto mchanga. Jirani yangu wa kiti akauliza, "Nini hiyo, mama?" Nikasema, "Dawa ya tumbo."

Bhadau 24

Mvua, asubuhi. Menuka alienda mjini kuchaji simu na kutuma karatasi zake. Nilipanda mpaka kiwanja cha kumi na tisa, chini ya mti wa mwaloni, kwa kuwa hakina banmara. Nikayapanda pale. Nikafunika kwa majani makavu isionekane alama ya jembe.

Bhadau 28

Mvua. Nimekwenda kuangalia. Mawili yameoza. Mkono wangu huu ambao haujawahi kuua mche. Nimeyatupa korongoni. Moja limesimama.

Asoj 2

Mvua, jioni.

Menuka alikuja akikimbia toka mlimani, nywele zimefumuka, bila tenga, bila mwavuli. Nikadhani chui. Akanikumbatia akaninyanyua, mimi na uzito wangu huu. "Mama! Mama! Lipo! Kiwanja cha kumi na tisa! Nimepita pale mara tano, mara tano, Mama, na halikuwa limechipua! Lilikuwa limelala chini, likinisubiri!"

Nikacheka kwa meno yote. Halafu nikaenda kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri.

Alimpigia Profesa mbele yangu. Sauti ya mzee ikasikika, "Binti, umenifanya leo nijione kijana." Atakuja mwenyewe mwezi wa Kartik, baada ya sikukuu ya Dashain. Majirani wakaja. Hira naye akaja na bakuli la maziwa mazito ya nyati, akampa Menuka kwa mikono miwili. "Mimi ni mjinga wa nyasi," akamwambia. "Nilikutania sana. Kunywa, mwanangu, umekonda." Halafu akanigeukia: "Mama Menuka, jisifu sasa. Leo nakuruhusu."

Sikuweza kujisifu. Wote wakadhani ni unyenyekevu.

Asoj 3

Mvua. Ningesema leo. Sikusema.

Asoj 4

Mvua. Sikusema.

Asoj 7

Hakuna mvua. Kamati ya msitu imekaa. Kwa heshima ya ua, upande wote wa mwaloni umefungwa kwa mwaka mzima. Hakuna kukata majani, hakuna mifugo. Watu wakapiga makofi. Hira hakupiga. Nyasi zake zote anazitoa upande ule. Sasa atakwenda ng'ambo ya korongo, saa moja na nusu kwenda, na kurudi ana tenga mgongoni, kamba kwenye paji la uso.

Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Dada, chukua majani kwenye ukingo wa shamba langu."

Akasema, "Ukingo wako unatosha mbuzi mmoja mwenye adabu." Akacheka. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Asoj 15

Mvua kidogo, ya kuaga. Hira amepita na tenga jua limekwishazama. Anachechemea.

Asoj 26

Hakuna mvua. Siku kuu ya Dashain. Nimempaka Menuka tika, alama ya baraka, kwenye paji la uso, nikamwombea umri mrefu na jina safi. Kwenye neno "safi" nikajifuta macho. Akadhani namlilia baba yake.

Kartik 5

Hakuna mvua.

Profesa amekuja. Mzee mfupi, mpole, na kofia ya kusokotwa na mke wake. Nusu ya kijiji tukapanda naye. Ua lilikuwa limeshapukutika, limebaki na majani na tumba la mbegu. Alipiga magoti, akavua miwani, akaliangalia kama mtu anayesoma barua ya ndugu. Halafu mkono wake ukasimama.

"Menuka," akasema. "Hiki nini?"

Kuzunguka shina, miche midogo, kama kumi na tano. Majani kama ya karoti.

Menuka akabadilika rangi. "Gugu karoti. Sir, hili haliko mlimani kwetu. Wiki mbili zilizopita nilidhani ni mche wa pakanga."

"Sasa liko," akasema Profesa. "Likishatoa maua, kila mmea mmoja ni mbegu maelfu. Ndani ya miaka mitatu mtalitafuta ua lenu chini yake. Kuna mtu au mnyama ametoka bondeni akafika hapa."

Mwenyekiti wa kamati hakungoja hata pumzi. "Nyati wa Hira! Yule wa pili kanunuliwa mnadani bondeni mwezi wa Saun. Na nani kati yetu anayekasirika kufungwa kwa upande huu? Amemwingiza kinyemela."

Hira akasema, "Mimi? Mimi navunja miguu ng'ambo ya korongo kila siku, naingiza nyati hapa saa ngapi?"

"Kesho kutwa kikao," akasema Mwenyekiti. "Aliyeleta gugu hili atafutwa kwenye orodha ya msitu."

Kufutwa maana yake hakuna kuni, hakuna majani, hakuna nyati. Hira akatuangalia mmoja mmoja. Alipofika kwangu, mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Kartik 6

Hakuna mvua. Nimepika wali, sikula.

Kartik 7

Hakuna mvua.

Kikao kilikuwa uwanja wa shule. Hira alisimama kwa mguu mmoja mzuri, kavaa sari yake ya sikukuu, akajitetea. Hajui kubembeleza, kwa hiyo alijitetea kwa ukali, na watu wakaona ukali wakasema ndiyo hatia yenyewe. Mwenyekiti akafungua orodha na kalamu.

Nilisimama.

"Niandike mimi," nikasema.

Mwenyekiti akasema, "Mama Menuka, kaa, zamu yako ya kusema bado."

"Gugu nimeleta mimi. Na ua nimeleta mimi. Vyote vilikuja pamoja kwenye udongo wa kwetu, siku ya kutoka Teej, kwenye kitambaa, kwenye basi. Nililipanda kwa mkono wangu kiwanja cha kumi na tisa ili mwanangu alione. Hajui chochote. Yalikuwa matatu, mawili nimeyaua."

Mbuzi mmoja tu alikuwa anapiga kelele. Nilimwogopa Mwenyekiti, nilimwogopa Profesa, lakini nilichokiona ni Menuka. Hakunikasirikia. Angenikasirikia! Aliinama akafungua daftari lake la viwanja, akafika ukurasa wa kumi na tisa, akaweka kiganja juu yake, kama mtu anayefunga macho ya marehemu. Halafu akainuka, akamwambia Profesa mbele ya watu wote, "Sir, naomba ile taarifa niliyotuma isichapishwe. Siyo kweli. Nitaandika upya."

Hira ndiye aliyefuata. "Mwanamke wewe!" akasema. "Wewe mwenyewe umeletwa hapa kutoka bondeni na kaka zako, na ukaota mpaka ukazidi wenyeji. Hukutosheka, umeleta na ndugu zako?" Watu wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa analia, na mkono wake ulikuwa umenishika bega, sijui kunikamata au kunizuia nisianguke.

Kamati imesema sitafutwa. Upande wa mwaloni umefunguliwa, ila kiwanja kile nitakipalilia mimi, kila wiki, miaka mitatu, jani la karoti lisionekane.

Kartik 8

Hakuna mvua. Menuka kala nilichopika. Kaosha sahani yake.

Kartik 9

Hakuna mvua. Nimepalilia, miche kumi na saba. Mikono inawasha mpaka kwenye kiwiko. Nimemkatia Hira matenga mawili ya majani, nimeyaweka mlangoni kwake bila kugonga.

Kartik 10

Hakuna mvua. Matenga yamerudishwa, matupu, na ndani ya moja kuna maziwa kwenye chupa.

Kartik 11

Hakuna mvua. Menuka amesema, "Mama, kwa nini hukuniambia tu kwamba lipo bondeni? Ingekuwa habari ileile. Ingekuwa habari kubwa zaidi."

Nikamwambia ukweli. "Nilitaka lipatikane mahali nilipokwishasema litapatikana."

"Tutakwenda wote," akasema. "Sikukuu ya Tihar. Utanionyesha mahali."

Kartik 18

Hakuna mvua. Siku ya kuwabariki kaka. Nimemvisha Loknath shada la sayapatri, wale wageni wazuri, nikampaka tika ya rangi saba. Halafu nikampeleka Menuka ukingoni.

Gugu karoti limepanda kutoka barabarani mpaka mlangoni mwa zizi la kaka, limetufika kifuani. Tulilisogeza kwa mundu, tukatafuta mpaka jua likashuka. Hakuna shali ya bibi arusi. Tulichopata ni mashimo matatu, madogo, yenye kingo safi, kazi ya mtu anayejua kupandikiza. Yamejaa tope lililokauka la mvua za mwisho, na ndani yake mmeota gugu.

Menuka alichuchumaa akapima upana wa kila shimo kwa kipimo chake, akaandika. Nilisimama nyuma yake, nimeshika mwisho wa kipimo, kama alivyoniambia.

Kartik 21

Hakuna mvua. Mvua zimeisha.

Nimempa Menuka daftari hili. Sikuchana ukurasa. Alisoma ukumbini kuanzia asubuhi, na mimi nikazunguka nyumba nikitafuta cha kufagia. Alipomaliza akanirudishia, akasema imebaki nafasi, nimalizie mwenyewe.

Kisha akanionyesha karatasi aliyoiandikia kiwanja cha kumi na tisa. Hakuuchuma mmea, kachuma jani moja lililokauka lenyewe, kalibandika, na chini yake, kwa mwandiko ulionyooka kama wangu:

*Mmea mmoja, hai. Asili yake: ukingo wa bondeni, ambako haujaonekana tena. Jinsi ulivyofika hapa: umeletwa na mtu. Aliyeuleta: Dhanakumari Khatiwada, mama wa mwandishi.*

Karatasi hiyo itapelekwa Kathmandu, itawekwa kabatini, na watu watakaozaliwa baada yetu wataisoma.

"Mama," akaniuliza, "jina nimeandika sawa?"

Nililisoma herufi kwa herufi, kwa kidole, mara mbili.

Nikasema, "Liko sawa. Hujakosea hata moja."